Jua lako halijapungukiwa nyeupe

Mama, picha uliyochora ya jua likichomoza Feri imeingia kwenye simu na swali lako nimelisoma, "Baba mbona jua langu limekaa kama kizibo cha soda kimebandikwa?" Aisee kweli limebandikwa, nimecheka peke yangu huku kibandani. Umeona haliwaki ukaongeza nyeupe, bado haliwaki ukaongeza tena, si ndio?

Sasa kuna yule Mfaransa Monet, 1872 alichora bandari ya Le Havre alfajiri akiwa dirishani hotelini, ukungu, vimashua, na kijua kidogo cha rangi ya chungwa. 1874 walipoionyesha Paris mwandishi mmoja wa gazeti akaikejeli, akachukua neno "impresheni" kwenye jina la picha akawabandika kundi zima la wachoraji wale, na ndo jina hilo hilo wanaitwa mpaka leo. Itafute hapo kwenye simu halafu itoe rangi, iwe nyeusi na nyeupe. Jua linapotea mama! Yani karibu hulioni, kwa sababu halijazidi weupe wa anga, limelingana nalo. Kinachowaka ni lile chungwa kukaa katikati ya bluu na kijivu, basi.

Kwa hiyo anza na kijivu cha anga, ukishakipata ndo uchanganye chungwa, weka tone moja pembeni upige picha bila rangi, tone likionekana kama taa umezidisha nyeupe, likionekana kama shimo ongeza kidogo. Kwenye maji weka mipigo michache minene ya brashi halafu usiirudie, akriliki inakauka haraka ukiichokonoa inachafuka.

Kingine, ngalawa za huko mbali umezizungushia mstari mpaka kamba zinahesabika, na pantoni naona ina madirisha yote! Hilo ni kosa langu, umekulia kwenye meza ya michoro ya Tingatinga na rangi zetu za kopo, twiga bila mstari hauziki. Ila ukungu unakula kingo, cha mbali kiache kiwe doa tu.

Mvua ikinyesha Ijumaa usiku basi Jumamosi navuka na pantoni ya mapema tukautazame ukungu, nikukute upande wa Magogoni kabla jua halijatokea Kigamboni. Mama yako anasema ubebe sweta. Mi nasema hiyo tyubu ya nyeupe iache nyumbani.