Kurudisha vielekezi vingi kutoka fankisheni moja ya PostgreSQL

Nilikuwa natengeneza skrini ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Karani anaingiza namba ya mwanachama, anataka kuona mambo matatu: mtu mwenyewe, michango yake, mikopo yake. Nikaandika kwenye hifadhidata ya PostgreSQL fankisheni moja irudishe vielekezi vitatu (cursor, yaani vishikio vya kuchukulia matokeo ya SELECT kutoka seva):

```
CREATE FUNCTION taarifa(p_namba int,
  c_mtu refcursor, c_akiba refcursor, c_mikopo refcursor)
RETURNS SETOF refcursor AS $$
BEGIN
  OPEN c_mtu FOR SELECT * FROM wanachama WHERE id = p_namba;
  RETURN NEXT c_mtu;
  OPEN c_akiba FOR SELECT * FROM michango WHERE mwanachama_id = p_namba;
  RETURN NEXT c_akiba;
  OPEN c_mikopo FOR SELECT * FROM mikopo WHERE mwanachama_id = p_namba;
  RETURN NEXT c_mikopo;
END;
$$ LANGUAGE plpgsql;
```

Toleo langu la kwanza halikupokea majina ya vielekezi, na programu ilikuwa inafunga muamala (transaction, kundi la amri linaloanza kwa BEGIN na kuisha kwa COMMIT) yenyewe baada ya kila amri. Nikaita fankisheni, nikapata majina matatu, nikaenda kuchukua rekodi, nikajibiwa `cursor "<unnamed portal 1>" does not exist`. Nilihangaika nayo mchana kutwa nikidhani kosa liko kwenye SELECT.

Kumbe kinachorudi ni majina tu. Rekodi zenyewe bado ziko kwenye seva, na muamala ukifungwa, vielekezi vinakufa nao. Kwa hiyo fungua muamala wewe mwenyewe, na uvipe majina unayoyajua:

```
BEGIN;
SELECT taarifa(4, 'mtu', 'akiba', 'mikopo');
FETCH ALL IN mtu;
FETCH ALL IN akiba;
FETCH ALL IN mikopo;
COMMIT;
```

Kwenye Java, zima kwanza huko kufunga muamala baada ya kila amri, kwa `setAutoCommit(false)`.

Sasa hesabu safari. Kila FETCH ikitumwa peke yake ni safari nyingine ya kwenda seva na kurudi, kwa hiyo ukifuata vielekezi ili kupunguza safari hutapunguza kitu. Kwa rekodi chache kama zile za mwanachama mmoja, nakushauri urudishe `jsonb` moja (data ya JSON ndani ya PostgreSQL) yenye sehemu tatu, ukiijenga kwa `jsonb_build_object` na `jsonb_agg`. Skrini ile niliibadilisha hivyo, na mpaka leo iko hivyo.

Vielekezi nimeviacha kwenye ripoti ya mwaka, ambako rekodi ni nyingi na nazichukua kwa mafungu, `FETCH 1000 IN akiba`, mpaka ziishe. Hapo usimsubirishe mtu katikati ya muamala. Karani akienda kula huku muamala uko wazi, utauona kwenye `pg_stat_activity` (orodha ya miunganisho iliyo wazi) umeandikwa `idle in transaction`, na VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, inashindwa kusafisha rekodi zilizokufa (zilizofutwa au kubadilishwa) tangu ulipoanza.

Jambo jingine: PostgreSQL hupanga utekelezaji wa kielekezi ikidhani utachukua sehemu ya kumi tu ya rekodi, maana `cursor_tuple_fraction` kwa kawaida ni 0.1. Kama utazimaliza zote, andika `SET LOCAL cursor_tuple_fraction = 1.0` mara tu baada ya BEGIN, kabla ya kuita fankisheni.