Tanbako imetoka S355 na kilo 2.5: matirio yake nayaseti wapi?

Swali: Shikamoo kaka. Naditeli ghala la chuma kwenye Tekla (programu ya kuchora majengo ya chuma), upana mita 18, urefu 48, fremu kila mita 6. Brasi (nondo za mshazari za kuzuia jengo lisiyumbe) za paa na za kuta ni nondo laini za milimita 20 zenye tanbako katikati (turnbuckle, kile kifaa cha kukazia nondo kwa kukizungusha), nimetumia komponenti, yaani kile chombo kinachochora kiungo kizima chenyewe, iliyomo humohumo kwenye programu. Sasa tanbako imetoka kama silinda nzima ya milimita 45, urefu 200, matirio S355JR (gredi ya chuma, ndo difolti niliyoweka kwa plati), uzito kilo 2.5 kila moja. Fundi mkuu wa karakana kanirudishia ripoti kaandika kwa kalamu nyekundu, "hii S355 ya 45 tunaitoa wapi?" Nimeingia kwenye katalogi ya matirio niongeze ya tanbako ila sijui niweke gredi gani, densiti gani, nguvu gani. Nisaidie.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza huyo fundi mkuu mnunulie soda, maana kauliza swali zuri kuliko lako. Ripoti yako kwa macho yake inasema hivi: chukua chuma cha duara cha 45, kata vipande 24 vya milimita 200, gredi S355. Haisemi popote kwamba hiki ni kitu cha kununua dukani kimekuja kimeshafuliwa na kukatwa uzi. Yeye hajui kwamba komponenti imechora silinda kwa sababu ya uvivu tu wa kuchora. Kwahiyo kabla hujahangaika na nguvu na densiti elewa kwamba lile boksi la matirio kwenye tanbako kazi yake kubwa ni kumwambia mtu wa manunuzi anunue nini na mtu wa karakana asiguse nini, programu yenyewe haijali kabisa kama tanbako yako itakatika au haitakatika.

Twende kwenye katalogi. Fungua katalogi ya matirio, nenda kwenye kundi la chuma, ongeza gredi mpya. Usiitupe kwenye kundi la mchanganyiko hata kama unaona hiki sio chuma cha karakana, ikikaa huko unaweza kukuta vichujio vyako na ripoti za chuma zimeiruka na tanbako zako zimepotea kwenye jumla. Jina lipe la bidhaa, sio la ndoto. Kama mnanunua zile za wazi za kufuliwa za kiwango cha Ujerumani andika DIN1480. Kama kazi ni ya Marekani, manuali ya AISC (taasisi ya ujenzi wa chuma ya huko) inazitaja tanbako na klevisi (kishikio cha ncha ya nondo) kwa ASTM A29 gredi 1035, basi andika A29-1035, na nondo zake zibaki A36 zenyewe kama michoro ya injinia inavyosema. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuipa tanbako gredi ileile ya nondo ili "ifanane", halafu mteja anaomba cheti cha matirio cha S355 kwa kitu ambacho hakijawahi kuwa S355 tangu kizaliwe.

Densiti weka 7850 kwenye sehemu zote mbili, ya profaili na ya plati. Kile kichupo cha analisisi weka vya kawaida vya chuma, 210000 kwa moduli ya elastiki, 0.3 Poisson, na 0.000012 ya kutanuka kwa joto, imeisha, usipoteze dakika 5 hapo. Vinasomwa pale tu unapotengeneza modeli ya analisisi, na hata huko injinia ataweka nondo moja ndefu toka fremu hadi fremu, tanbako haitaonekana. Ukibonyeza OK itakuuliza kama uhifadhi kwenye folda ya modeli, kubali, itaandika faili la matdb.bin humo. Na namba ya klasi nayo usiihangaikie, ile ni rangi na makundi tu, kuna jamaa alinibishia siku nzima kwamba klasi 6 ni chuma kigumu kuliko klasi 3.

Sasa uzito, maana hapa ndo watu wanafanya vituko. Kilo 2.5 zako zimetoka kwenye hesabu ya kawaida, duara la 45 ni milimita za mraba 1590, mara 200, mara 7850, unapata 2.5. Tanbako ya M20 (uzi wa milimita 20) ya wazi ukiishika mkononi ina uwazi mkubwa katikati, niliyoipima mimi kwenye mizani ya duka ilisoma kilo 1.1 na chenji. Ujanja wa kwanza utakaoambiwa ni kupunguza densiti, weka 3600 hivi na uzito utakaa sawa. Utakaa kweli. Lakini hiyo gredi imeshaingia kwenye katalogi, mwezi ujao mwenzako anakopi folda anaona "DIN1480" anaitumia kwa kitu kingine, na mzigo wake unapungua nusu bila yeye kujua. Ujanja wa pili ni kuweka densiti sifuri kwa sababu "ni cha kununua", huo nao siupendi, kitu cha kununua nacho kinapanda kwenye lori na kinaning'inia kwenye paa.

Rekebisha umbo, sio densiti. Fungua komponenti, kwenye profaili ya tanbako toa D45 andika PD45*6. Hiyo ni bomba la nje 45 ukuta 6, kwa urefu wa 200 linakupa kilo 1.15, yaani umefika kwenye mizani ya duka bila kumdanganya mtu. Na kuna faida ya bure: silinda nzima ilikuwa inagongana na ncha za nondo zinazoingia ndani yake, ukiendesha ukaguzi wa klashi unapata mbili kwa kila tanbako. Nimekuhesabia haraka, paa lako likigawanywa paneli 4 za mita 4.5 kwa nafasi mbili za kati ya fremu zenye brasi ni misalaba 8, kuta ni misalaba 4, jumla nondo za mshazari 24 na tanbako 24, kwahiyo ulikuwa na klashi 48 za uongo zimefunika zile za kweli. Bomba lina tundu la 33 ndani, nondo ya 20 inapita inacheka. Tofauti ya uzito ghala zima ni kilo 32 tu, haimtikisi mtu, ila ripoti ikiwa na uongo mdogo ulio wazi fundi anaacha kuiamini yote. Kama una muda na unataka ionekane kama tanbako kweli, chukua modeli ya pande tatu toka kwa mtengenezaji, ingiza kwenye katalogi ya maumbo uitumie kama aitemu, uzito utatoka kwenye ujazo wenyewe. Kwa ghala la kawaida mimi sijisumbui.

Angalizo moja: haya yote badilisha ndani ya dirisha la komponenti, usiikamate tanbako peke yake ukabadilisha kwenye sifa za kipande. Itakubali vizuri tu, kesho ukigusa komponenti urekebishe plati ya gaseti inarudi D45 na S355 kama hakuna kilichotokea, na hutagundua mpaka kalamu nyekundu irudi. Ukishaseti hifadhi seti yako kwa jina, alafu itumie kwa zote 24.

Kuhusu nguvu uliyouliza. Hakuna namba ya kuandika kwenye katalogi itakayofanya tanbako iwe salama, uwezo wake unatoka kwenye jedwali la mtengenezaji, na hapo kuna mtego wa lugha mbili. Nondo yako tuseme ni ya S275 iliyokatwa uzi wa M20: eneo la uzi ni milimita za mraba 245, kwa Yurokodi 3 (kanuni za Ulaya za kusanifu chuma) unachukua 0.9 mara 430 (nguvu ya kukatika ya S275) mara 245 gawa kwa 1.25, unapata kilonyutoni 75.9, na kama uzi umekatwa karakana bila kufuata EN 1090 (kiwango cha Ulaya cha kutengeneza vyuma vya majengo) unazidisha na 0.85 unabaki na 64.5. Sasa shika jedwali la tanbako za mtindo wa Marekani, ya inchi 3/4 wengi wanaandika paundi 5,200, ambayo ni kilonyutoni 23. Ukiziweka pamoja utasema tanbako ni takataka. Hapana, ile 64.5 inalinganishwa na mzigo ambao umeshazidishwa na vigezo vya usalama, ile 23 ni mzigo wa kazi wa kila siku wenye kigezo cha usalama cha 5 ndani yake, kukatika kwake ni huko kwenye 115. Lakini usifurahi haraka pia. Rudisha ile 64.5 kwenye mzigo wa kazi, upepo una kigezo 1.5, unapata 43. Kwahiyo kwa karatasi nondo inaruhusu 43 na tanbako inaruhusu 23, kinachoamua ni tanbako. Wewe mtu wa ditelingi hilo sio la kuamua, ila ni la kumuuliza injinia kwa maandishi: mzigo wa brasi kabla ya vigezo ni ngapi? Akijibu 15 lala usingizi. Akijibu 30 tafuteni tanbako kubwa zaidi.

Nakuja kwenye jambo ambalo hukuuliza, na ndo lilinigharimu mimi. Tanbako inavuta kwa sababu upande mmoja una uzi wa kulia na mwingine wa kushoto. Programu haijui hilo. Nondo zako mbili za kila mshazari zina kipenyo kimoja, matirio moja, na zikitokea na urefu mmoja, kwenye kupanga namba zinapewa alama moja. Mimi yalinikuta kwenye ghala moja kule Kibaha, nikatuma mchoro mmoja wa karakana, idadi 32, uzi M20, basi. Karakana wakakata zote 32 za kulia, na hawakukosea, ndivyo nilivyoandika. Nilipigiwa simu na msimamizi saa 4 asubuhi, mafundi wako juu, wanazungusha tanbako, upande mmoja unaingia mwingine unatoka, nondo inalegea vilevile. 16 zilirudi chini kutengenezwa upya na zilikuwa zimeshazamishwa kwenye zinki.

Kwahiyo toa prefiksi tofauti za kipande, mfano NK kwa uzi wa kulia na NS kwa uzi wa kushoto. Jina peke yake halitoshi, kama kwenye seti za kupanga namba hujaweka tiki ya kulinganisha majina zitaunganishwa tu. Kwenye mchoro wa NS andika UZI WA KUSHOTO kwa herufi kubwa karibu na ncha yenyewe, usiufiche kwenye maelezo ya chini ambayo hakuna anayesoma. Ukiwa hapohapo angalia ncha za nondo zinaingia kiasi gani ndani ya tanbako, komponenti nyingine inazikutanisha katikati zikagusana, sasa hapo utakaza nini? Mwili wa 200, ingiza milimita 50 kila upande, unabaki na 100 za kukazia, na kwa uzi wa M20 mzunguko mmoja mzima unakula milimita 5, yaani 2.5 kila upande. Zinatosha hata kama bolti za fremu zimekaa vibaya kidogo. Na kwenye mchoro weka neno la kukataza kuchomelea mwili wa tanbako, kuna mafundi wakishakaza wanapiga nukta ya welding ili isilegee, waambie wafunge kwa nati ya kuzuia.

Ukimaliza panga namba upya, toa ripoti, na mstari wa tanbako usomeke kama kitu cha kununua: jina TANBAKO M20, matirio DIN1480, idadi 24, kilo 1.15, asembli yenye prefiksi yake peke yake ili isichanganyike na vya kukata. Halafu kabla hujamtumia fundi mkuu pigeni simu dukani muulize zilizopo ni M20 au ni inchi 3/4, maana haya yote nimeandika nikichukulia M20. Hatua ya uzi wa M20 ni milimita 2.5, ya inchi 3/4 ni 2.54, zinakaribiana kiasi kwamba nondo ya inchi 3/4 inaingia kwenye tanbako ya M20 kwa vidole tu, laini, haigomi. Kipenyo chake ni 19.05, kwahiyo uzi unashikana kwenye ncha za meno. Fundi akikwambia "hii imeingia vizuri sana", hiyo itoe.