Kutumia dawa ya huzuni baada ya kujifungua, je, ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Niko Eastleigh, nina mtoto wa miezi mitatu. Nalia bila sababu, mtoto akilala mimi silali, na Qur'ani naisoma lakini sipati ladha yake. Daktari amenipa dawa. Mama mkwe anasema imani yangu ni haba, niache dawa nisomewe ruqya (kisomo cha Qur'ani na dua za kuomba shifaa) tu. Je, nikizitumia nitakuwa nimekosa tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah, binti yangu. Meza dawa zako. Mtume (s.a.w.) amesema: "Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu," na hakuuondoa ugonjwa wa huzuni katika amri hiyo.

Soma Surat Maryam, aya ya 23 hadi 26. Bibi Maryam, aliyetakaswa juu ya wanawake wa ulimwengu, uchungu wa uzazi ulimfikisha pa kusema: "Laiti ningelikufa kabla ya haya." Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba? Tazama alivyojibiwa: aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito chini yake, akaambiwa autikise mtende, ale, anywe, na akimwona mtu asiseme naye. Hakulaumiwa hata kwa neno moja. Nabii Yaaqub naye alihuzunika mpaka macho yakawa meupe, na alikuwa Nabii.

Nasikitika kwamba "kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia" inasomwa siku hizi ili kumkemea mgonjwa. Dhikri hutuliza, wallahi, nawe usiiache hata kama huoni ladha. Ila haikuteremshwa ili ufungiwe mlango wa daktari. Ruqya pia ni Sunna: jisomee Fatiha na Mu'awwidhatayn (sura za Al-Falaq na An-Nas) mwenyewe. Anayekuamuru uache dawa ndipo akusomee, mwepuke. Mwambie daktari kwamba unanyonyesha, wala usizikatize ghafla bila yeye kujua.

Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, kwa mgonjwa na mfiwa, akipokea kwa Mtume kwamba huupumzisha moyo na kuondoa sehemu ya huzuni. Mama mkwe akupikie huo.

Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu saa hiyo hiyo akupeleke hospitali iliyo karibu, au Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Watu wa Nairobi wanaliogopa jina hilo bure; kuokoa nafsi ni wajibu.

Mumeo naye asome hapa: Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Basi ukishanyonyesha usiku, yeye ambebe mtoto, wewe ulale.

Wallahu a'lam.