Mama mkwe hataki video ya salamu usiku wa kupamba

"Shikamoo shangazi. Naolewa mwezi ujao hapa Mombasa. Usiku wa kupamba nataka pale mlangoni tuweke kibanda chenye simu, kila mgeni aingie arekodi salamu za dakika moja, badala ya daftari la majina ambalo hakuna anayelisoma. Nyanya mzaa mamangu alifariki mwaka jana, hatuna hata sauti yake. Kwa nyanya aliyebaki sitaki yanipate yale yale. Hakuna kitakachotoka nje, ila mwenye kazi atanikatia kipande kifupi cha Instagram. Mama mkwe amekataa katakata. Anataka kunitawala hata sijaingia kwake. Mchumba wangu hana msimamo, ananiambia nimsikize mamake. Arubuni nishalipa. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa. Hilo la sauti ya nyanya limenigusa, nitalirudia. Lakini mama mkwe wako yuko sawa, na wewe unajua.

"Hakuna kitakachotoka nje, ila..." Hiyo "ila" yako ndiyo barua nzima. Mama wa watu ameisikia kabla yangu.

Kupamba wakujua, ni usiku wa wanawake watupu kumtazama bi harusi. Mwanamke anatoka kwake na buibui lake, pengine na nikabu, akifika ndani anavua: gauni linameta, dhahabu mpaka kiwikoni, nywele kazikalia saluni tangu adhuhuri. Anavua kwa kuwa amehakikishiwa hakuna jicho la kiume humo. Ndiyo watu wakaandika kwenye kadi kuwa simu haziruhusiwi, na mpiga video akiwepo anatafutwa mwanamke. Sasa wewe wataka uwapange foleni mlangoni wamulikwe mmoja mmoja?

Nilihudhuria kupamba moja, bi harusi ndiyo kwanza anaingia, binti mmoja akainua simu. Meza tatu za nyuma zikajitupia mabuibui kwa mpigo mmoja, bangili zikalia kama sinia la vikombe lililoanguka. Bi harusi akapita katikati ya watu weusi tititi. Gauni kalishonea kwa miezi, mwenye kulitazama akawa yule wa simu peke yake. Mamake alilia, na hakulia kwa furaha.

Halafu huyu "mwenye kazi" ni nani? Hukusema mwanamke au mwanamume. Mtu akiruka jambo dogo kama hilo, mimi huwa nalirudia. Hizo salamu za watu mia na zaidi zitakatwa na kuungwa kwenye kompyuta ya nani, na nani mwingine nyumbani mwake anaifungua? Kama jibu lingekuwa zuri ungelitanguliza.

Mchumba wako msimamo anao. Amekwambia msikize mama. Huo ndio msimamo, ila haukukupendeza. Na arubuni umelipa kwanza, ndipo ukauliza. Mama mkwe hukumwomba rai, ulimpelekea habari, tena harusi ni ya nyumba mbili na wageni nusu ni wake. Wasichana wa siku hizi mmekuwa hivyo: ukumbi umeshachaguliwa, rangi zimeshapangwa, wazee wanaitwa kuja kukaa kwenye viti. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Siku hizi mgeni njoo, mwenyeji apate picha.

Na daftari usilidharau. La harusi yangu, lile la kuandika waliotunza, bado ninalo. Kuna shoga wa mamangu hakujua kusoma wala kuandika, akachovya kidole kwenye hina akapiga alama mbele ya jina lake. Alishatangulia mbele ya haki. Ile alama imekuwa rangi ya kutu, lakini kidole chake nakijua.

Hata ungeruhusiwa, ungepata nini? Ngoma inapigwa, mtu kapewa dakika moja, nyuma yake watu wanamsukuma. Atasema hongera, Mungu awape kheri, basi. Mara mia.

Kama shida kweli ni nyanya aliyebaki, usimngoje ukumbini saa tano za usiku, magoti yanamuuma. Mwambie mwenye kibanda kuwa ile arubuni ataifanyia kazi kwake nyanya, mchana. Au ondoka na simu yako tu. Mkae barazani, feni izimwe maana inaharibu sauti, umuulize yeye aliolewaje, nani alimsinga, mahari ilikuwa nini. Usimkatize. Ile dakika moja isahau.

Kwa mama mkwe nenda wewe mwenyewe, kabla ya Ijumaa, na kibakuli cha halua. Mwambie kibanda hakipo. Usimtume mchumba, na hayo ya arubuni usimtajie kabisa.