Je, ni balehe tu?

SWALI: Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 15, alikuwa mcheshi na mpenda mpira. Kwa wiki sita sasa hujifungia chumbani, hukasirika kwa jambo dogo, alama zake za darasani zimeshuka, na juzi alimpa mdogo wake viatu vya mpira alivyokuwa akivienzi. Baba yake anasema ni balehe, itapita. Je, nisubiri?

JIBU: Mama, usisubiri. Mumeo hajakosea kabisa, kwani balehe huleta ubishi, ukimya na hata kuchelewa kulala, ingawa kijana bado anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Hata hivyo, mpime mwanao kwa jinsi alivyokuwa yeye mwenyewe, si kwa vijana wenzake. Mabadiliko yanayodumu zaidi ya wiki mbili, tena yakigusa hasira, masomo na michezo kwa pamoja, hayafai kuachiwa balehe peke yake. Wazazi wengi hutazamia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ije na machozi, ilhali kwa vijana mara nyingi huja na hasira, ndiyo maana wengine huishia kuadhibiwa badala ya kutibiwa.

Kilichonishtua zaidi ni vile viatu. Huenda vimembana tu, nami ningefurahi iwe hivyo, lakini kugawa vitu vya thamani ni mojawapo ya dalili za mtu anayefikiria kujiua. Muulize leo, mkiwa wawili tu, pengine mkifanya kazi fulani pamoja ili asilazimike kukutazama usoni: “Nimeona umeacha mambo uliyoyapenda. Je, umewahi kufikiria kujiua?” Swali hilo halimpandikizii wazo, wengi hupata nafuu wanapoona kwamba jambo hilo linaweza kutamkwa. Akianza kusema, nyamaza umsikilize, wala usimwahidi kuficha siri hiyo.

Akikubali, usimwache peke yake. Fungia dawa, sumu za wadudu na vyenye makali, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Akikana, mpeleke hata hivyo kwa daktari au mwanasaikolojia wiki hii, kwa kuwa huenda anaonewa, anatumia dawa za kulevya, au ametendewa jambo na mtu mzima ambaye mwanao anaogopa kumtaja. Mwulize pia mwalimu wa darasa ni lini hasa alama zilianza kushuka, kisha mkumbuke, wewe na baba yake, ni nini kilitokea siku zile.