Korti ikikupeleka rihabu na umewacha watoto nyumbani, soma hii kwanza

Mie niliingia rihabu, nyumba ya kuacha madawa, kwa sababu ya mtungi wa gesi. Nlikuwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga wa heroini, jirani yetu ameenda mazishini Mambrui, mlango wa jikoni kwake una kikufuli cha mia, nikabeba mtungi mdogo juu ya boda nikauuza mia nane, na hiyo mia nane haikufika hata magharibi. Asubuhi polisi wako mlangoni. Ndio nikajikuta kortini Malindi na leso nimejitupia tu kichwani, mtoto wa miaka mitano na mwengine wa miaka miwili wako kwa mamangu, hakimu ananiuliza kama nakubali probesheni, yaani kifungo cha nje chini ya afisa.

Na hapa wengi hawaelewi. Probesheni haulazimishwi, hakimu anakueleza masharti, wewe unasema wakubali au hukubali, na ukikubali inakuwa kati ya miezi 6 na miaka 3. Mie nlipewa mwaka na nusu, sharti moja nikae ndani ya rihabu miezi mitatu. Nikajibu "nakubali mheshimiwa" kabla hajamaliza kusoma, hata karani aliniangalia. Kichwani nlikuwa na jela ya wanawake peke yake, sikuwaza kabisa hao watoto watalelewa vipi miezi mitatu, na karibu hilo lininyonge.

Kabla ya hukumu afisa wa probesheni anakuja nyumbani kwenu, anaongea na wazazi, anaongea na majirani, halafu anamuandikia hakimu ripoti. Siku huyo afisa, madam tunamwita, alipokuja mie nlikaa kitako nikapanga uongo, nikasema watoto wako sawa mama atawaangalia, nikaficha kwamba mamangu ana sukari na mguu umemvimba hawezi kumkimbiza mtoto wa miaka miwili hadi barabarani. Nlidhani nikisema shida zangu ataandika huyu mpeleke ndani. Kumbe hiyo ripoti ndio pahali pa kusema. Mwambie nani atalala na watoto, nani atawapeleka shule, nani ana kadi ya kliniki ya mdogo, na kama hakuna mtu, sema hakuna mtu, kuna afisa wa watoto wa serikali na madam anaweza kuongea naye. Cha ajabu ni kwamba kwa sheria yetu ya Kenya mfungwa mwanamke anaweza kukaa jela na mtoto wake wa chini ya miaka 4, lakini hiyo nyumba niliyopelekwa mie haikuchukua mtoto hata wa kunyonya. Uliza mapema.

Arosto yenyewe sitaieleza sana, mwenye kuijua anaijua. Ukikosa unga nusu siku unaanza kupiga miayo na machozi yanatoka yenyewe, siku ya pili na ya tatu ndio mbaya zaidi, miguu inapiga mateke kitandani kama si yako, baada ya wiki hivi mwili unatulia. Watu wanaogopa hiyo wiki. Mie nawaambia wiki hiyo ilikuwa rahisi, manake unaumwa huna nafasi ya kuwaza. Shida inaanza ukishapona, unakula, unalala, halafu usiku unaanza kusikia mtoto analia na hayuko.

Kabla ya kuingia uliza pia habari ya methadoni, dawa ya hospitali ya kunywa badala ya unga. Hapa Malindi hospitali ya serikali ina kliniki yake tangu 2015, lakini ile dawa unakunywa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hivo kama uko kwenye hiyo programu na rihabu iko mbali ama hawataki mtu wa methadoni, mwambie madam kabla faili haijarudi kwa hakimu. Na kama siku zako zimekatika usiseme ni unga tu. Kweli unga unakata hedhi, lakini unaweza kushika mimba vile vile bila kuiona siku zako, na mja mzito hafai kukatishwa unga ghafla, ni hatari kwa mimba, lazima daktari amuone. Pimwa kwanza.

Sasa mahamri. Nyumba yetu ilikuwa na matroni mmoja wa kutoka Lamu, mama mtu mzima, wageni wakija Jumamosi yeye anakaa mlangoni na sinia anavunja kila hamri katikati. Kila moja! Mamangu amekaanga tangu alfajiri, mahamri yananukia iliki, huyu anayapasua kama anatafuta mwiba kwenye samaki. Nlimchukia sana, nilimwambia we mama huna adabu na chakula cha watu. Akanijibu "mwanangu, kula kimya". Jumamosi ya tatu bwana wa msichana mmoja akaleta mfuko, matroni akapasua la nne ama la tano, kete ya unga ikadondoka kwenye sinia imefungwa kwa nailoni. Hakupiga kelele, aliifunika na kiganja. Yule msichana alikuwa amesimama nyuma yangu na nlimsikia akimeza mate. Tangu siku hiyo nawaambia kina dada, bwana aliyekufunza kubwia asiwe kwenye orodha ya wageni, hata kama ndiye baba watoto, hata kama analia kwenye simu.

Siku ya 19 mamangu akapiga simu ofisini, mdogo ana homa tangu jana. Ningemwambia kaunsela, ningempigia madam, angeweza kunitafutia ruhusa ama kumtuma mtu nyumbani. Mie nikaruka ukuta wa nyuma na kandambili, nikapanda matatu, nauli nikamuomba konda kwa jina la Mungu. Kufika nyumbani mtoto ashapewa dawa anacheza na kifuniko cha sufuria. Nimekaa pale nimechanganyikiwa, si nyumbani si rihabu, jioni wale wenzangu wakapita, na usiku huo nikavuta.

Mamangu alimpigia madam kabla ya alfajiri. Wallahi nlimuona msaliti, sikuongea naye wiki nzima. Lakini ile simu ndio iliyoniokoa, manake ukivunja sharti hakimu anaweza kukuhukumu upya kwa kosa lile lile la kwanza, mtungi wangu ungerudi mezani. Madam alienda kortini akasema familia imeripoti yenyewe na mshitakiwa amesharudi rihabu. Nikaonywa, nikaanza kuhesabu miezi mitatu upya. Kwa hivo ukiteleza, piga simu wewe kabla hajasikia kwa watu. Hata kama umevuta. Hasa kama umevuta.

Jambo lengine, na hili nalisema taratibu. Ukikaa klini, bila unga, miezi mitatu mwili umesahau, ile kete uliyokuwa unaimaliza bila hata kusinzia sasa inaweza kukuua. Mwenzangu tuliyelala kitanda cha juu na cha chini alitoka Alhamisi. Jumamosi nlikuwa kwao nakaa na wanawake wengine kwenye mkeka. Waambieni mabinti zenu hili kabla hawajatoka, msiogope kwamba mnawafunza ubaya.

Kutoka nako kupangwe mapema, nyumba gani utalala, nani atakupokea steji. Mie sikurudi chumba changu cha zamani, wiki sita nlilala kwa mama mdogo Barani, watoto wakaletwa kwanza Jumapili tu, halafu siku mbili mbili, mdogo alikuwa ananikimbia akienda kwa bibi yake. Ilikata roho yangu lakini ilikuwa sawa. Sasa naripoti kwa madam kila mwezi, imebaki minne, na jirani nampelekea mia tano tano za mtungi wake. Anapokea, anahesabu, bado hajanikaribisha ndani.

Kama huna pa kuanzia, 1192 ni namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na madawa, haikati salio.