Ndege wa Dirishani Uingereza: Majibu ya Maswali Yenu

Nakaa flati ghorofa ya tatu London, bustani sina. Nitapiga picha ndege gani jamani?

Wapo wengi tu ndugu yangu. Anza na wale kasuku wa kijani wenye mkia mrefu, hao kelele zao zenyewe zitakuita dirishani. Watakwambia yule mpiga gitaa Jimi Hendrix ndo aliwaachia, hadithi tamu ila watafiti wa Queen Mary University of London waliichunguza 2019 na hawakukuta ushahidi, ni ndege wa kufugwa waliotoroka au kuachiwa kidogo kidogo miaka mingi wakazaliana. Asili yao Afrika na Bara Hindi, kwa hiyo nao ni daspora wenzetu. Ukichoka nao nenda Walthamstow Wetlands, hifadhi ya mabwawa hapo hapo London, kuingia bure, korongo utawaona wamesimama majini mpaka uchoke wewe.

Simu inatosha au ninunue kamera?

Kwa ndege simu haitoshi, tusidanganyane, ukivuta zumu unapata ukungu mkubwa zaidi. Tafuta kamera ya mtumba na lenzi ndefu ya kuvuta mbali, inayofika 300mm au 400mm. Spidi ya shata weka 1/1000 ya sekunde na akiruka panda hadi 1/2000, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache ipande, maana picha yenye chenga unaweza kuisafisha ila iliyotikisika ndo basi tena. Fokasi iwe kwenye jicho. Kama unapigia ndani, futa kioo pande zote, zima taa ya chumba, halafu lenzi iwe karibu kabisa na kioo na imekiangalia moja kwa moja, ukiipindisha picha inafifia. Na kama una pa kuning'iniza mbegu, funga kitawi kikavu pembeni, ndege wengi hutua kwanza hapo wachungulie kama kuna usalama ndo waende kula, basi wewe fokasi yako iwe kwenye kitawi, mbegu achana nazo.

Saa kumi jioni giza! Nisubiri kiangazi?

Usisubiri dada, mimi winta ndo naipenda zaidi. Majani yamepukutika, ndege wana njaa wanasogea, na jua liko chini siku nzima kwa hiyo hata saa sita mchana mwanga ni laini. Robin, yule ndege mdogo mwenye kifua chekundu, anaimba winta nzima, dume na jike, kila mmoja analinda eneo lake. Ukichukua koleo ukageuza udongo anakuja mwenyewe kuvizia minyoo, anatua, anainama-inama, anatikisa mkia, anashuka kudonoa, anarudi palepale juu. Chuchumaa lenzi iwe usawa wake, ukimpigia kutoka juu anaonekana kama kifungo. Mwisho wa Januari pia kuna Big Garden Birdwatch ya RSPB, shirika la kulinda ndege la huku, ipo tangu 1979, unahesabu ndege kwa saa moja tu.

Eti kulisha ndege kunawaletea magonjwa?

Ukilisha kichafu, ndiyo. Chiriku wa kijani wa huku wamekufa kwa wingi tangu miaka ya 2000 kwa ugonjwa wa vimelea vya koo unaoenea kwa mate kwenye chakula na maji. Osha vyombo kila wiki, maji badilisha kila siku, na epuka meza bapa za kuwekea chakula. Ukiona ndege amevimba manyoya, mzito kuruka, acha kulisha kwa muda.

Nimeona tundu la mdiria ukingoni mwa mfereji, nipige picha?

Ondoka hapo kaka. Mdiria analindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981, kumsumbua akiwa kwenye kiota ni kosa la jinai, na kisingizio cha picha hakikusaidii, kwa kazi hiyo watu wanaombea leseni. Mfuate winta kwenye tawi lake la kuvulia samaki.

Jirani ananiangalia vibaya na lenzi yangu ndefu.

Mwonyeshe picha mbili tatu mapema kabla hajapiga simu polisi, na lenzi ielekee mtini, madirisha ya watu yaache.